Faida ya chupa ya dawa ya maji: Biashara ndogo za nyumbani zinavyobeba mzigo wa mayatima Nyanza

KATIKA makutano ya Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, ambapo barabara ya kwenda Bondo inaachana na ile ya kuelekea Busia, biashara nyingi hazina duka. Kuna meza iliyowekwa mbele ya boma, beseni la omena, nyanya zilizopangwa kwa mafungu na mtungi wa sabuni ya maji inayopimwa kwa chupa za soda. Mwenye mali ni mama wa boma hilo, na saa zake za kazi ni zile anazozipata kati ya kuchota maji, kupika na kuwatazama watoto, ambao si wote aliowazaa yeye.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloifanya biashara ya nyumbani katika ukanda huu wa Ziwa Victoria kuwa na uzito usioonekana mezani. Ukimwi uliwapiga watu wa Nyanza kuliko eneo jingine lolote nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa takriban asilimia 15 ya watu wazima wa mkoa huo, kama ulivyoitwa wakati huo, walikuwa na virusi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa chini ya asilimia 7. Mayatima walioachwa hawakwenda wote katika makao ya watoto. Wengi waliingia katika maboma ya nyanya zao, shangazi zao na majirani, na mzigo wa kuwalisha ukawaangukia wanawake ambao wenyewe, mara nyingi, walikuwa wajane.

Kwa miaka mingi mzigo huo ulipunguzwa na wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na Julai mosi mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Miradi mingi ya afya na ya mayatima iliyotegemea fedha hizo katika kaunti za ziwani ilitikisika. Swali ambalo awali lilijadiliwa katika warsha za hotelini likawa la kila siku: je, biashara ndogo inayoendeshwa jikoni inaweza kweli kuchangia kazi ya hisani, au ni kumtwika maskini jukumu la kumsaidia maskini mwenzake?

Chungu chenye bomba

Jibu la swali hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa papa hapa. Kisian si kituo cha biashara tu. Ndiko kilipo kituo cha utafiti wa afya cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, ambacho kwa miongo kadhaa kimeshirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi, CDC. Mojawapo ya mambo yaliyowashughulisha watafiti wa ushirikiano huo ni suala linaloonekana dogo: maji ya kunywa yanachafuliwa wapi, mtoni au nyumbani?

Ilidhihirika kuwa nyumbani ni sehemu kubwa ya tatizo. Chungu cha kawaida kina mdomo mpana, na anayechota hutumbukiza kikombe pamoja na vidole. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, shirika la CARE Kenya likifanya kazi Homa Bay lilishirikiana na wafinyanzi wanawake, wakiwemo wale wa Oriang, kutengeneza chungu chenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba. Wenyeji walikipenda kwa sababu kilibakia chungu, na maji yake yalibakia baridi. Ndoo ya plastiki haiwezi kudai hivyo. Wafinyanzi nao wakapata soko ambalo chungu cha kawaida hakingewapa.

Mwaka 2003 dawa ya kutibu maji ya WaterGuard ililetwa katika soko la Kenya na shirika la PSI. Matumizi yake ni rahisi: kifuniko kimoja cha dawa kwa mtungi wa lita 20, viwili maji yakiwa na tope, kisha kungoja kwa nusu saa. Lakini dawa iliyo katika duka la mjini haimfikii mama aliye kijijini, na hapo ndipo biashara ya nyumbani ilipoingia.

Vikundi vya wanawake vilikuwepo tayari, vingi vikiwa vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi waliokutana kufarijiana. Shirika la Safe Water and AIDS Project, maarufu kama SWAP, lililoanzishwa Kisumu mwaka 2005, lilivipatia vikundi hivyo mafunzo ya afya na ya biashara, kisha likawauzia wanachama bidhaa kwa bei ya jumla: dawa ya maji, sabuni, vyandarua na vinginevyo. Wao waliziuza kwa bei ya rejareja, nyumba kwa nyumba, huku wakiwafunza majirani namna ya kuzitumia. Faida ilikuwa yao. Katika miaka ambayo unyanyapaa ungeweza kumfanya mtu akatae hata mandazi ya jirani anayejulikana kuwa na virusi, chupa iliyofungwa kiwandani ilikuwa na nafuu yake.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba hisani na biashara havikuwa vitu viwili. Kila chupa iliyouzwa ilikuwa kinga kwa mtoto wa mnunuzi na senti kwa mtoto wa muuzaji. Hali kadhalika, kati ya mwaka 2007 na 2008 wauzaji wa aina hiyo katika eneo la Nyando, mashariki mwa Kisumu, waliuza pakiti ndogo za unga wa madini na vitamini uitwao Sprinkles, unaochanganywa katika chakula cha mtoto. Watafiti walifuatilia vijiji 60, nusu vikiuziwa unga huo na nusu vikiachwa kwanza kwa ulinganisho. Japo watoto walitumia kwa wastani pungufu ya pakiti moja kwa wiki, upungufu wa madini ya chuma na wa damu ulishuka zaidi katika vijiji vilivyouziwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012.

Asiyeweza kununua

Hata hivyo, mpango huo si dawa ya kila ugonjwa, na anayeusifu bila kutaja kasoro yake hamtendei haki msomaji. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza nyumba 487 katika jamii nane zilizohudumiwa na vikundi hivyo vya wanawake magharibi mwa Kenya. Asilimia 20 ya nyumba zilikuwa zimenunua dawa na kuitumia, jambo lililothibitishwa kwa kupima maji yenyewe badala ya kutegemea kauli ya mwenye nyumba. Tofauti baina ya jamii moja na nyingine ilikuwa kubwa: kuliko na wachache ilikuwa asilimia 5, na kuliko na wengi 39.

Asilimia 20 ni mafanikio ya kuridhisha kwa bidhaa inayobebwa mkononi. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kuwa waliosoma na wenye uwezo kiasi ndio waliotibu maji kuliko wengine. Maskini hohehahe na wasiojua kusoma walibaki nyuma, ingawa gharama ya dawa kwa siku ilikuwa chini ya senti moja ya dola ya Marekani. Ndiyo kusema biashara, hata iwe ndogo na ya upole kiasi gani, humfikia mwenye kitu mfukoni. Asiye na kitu anahitaji kupewa, na ni lazima kitu hicho kitoke mahali fulani.

Kitatoka katika faida, ikiwa faida ipo. Tuchukue mfano wa kikundi cha wanachama 12, kwa takwimu za kukisia tu. Tuseme kila mmoja anauza chupa 40 za dawa ya maji kwa mwezi na kubakiwa na shilingi tano kwa kila chupa. Hizo ni shilingi 200, ambazo hazitoshi hata kumvusha wiki. Muuzaji wa bidhaa moja hafiki mbali, na ndiyo maana wauzaji wazoefu hubeba kapu lenye vitu vingi.

Aongeze sabuni ya maji anayoitengeneza nyumbani. Kazi hiyo haihitaji mtambo: Ungerol inakorogwa kwa chumvi hadi iwe nzito na nyeupe, kisha maji, asidi ya sabuni, soda ya kuizimua asidi hiyo, rangi na manukato, na inaachwa ilale ili povu litulie. Ni lazima glavu zivaliwe, na watoto wakae mbali, kwani asidi na soda huunguza. Tuseme mtungi wa lita 20 unamgharimu shilingi 900 kuutengeneza, anauza lita moja kwa shilingi 80 na kupata 1,600, kisha anatoa shilingi 100 za nauli. Amebaki na 600. Mitungi miwili kwa mwezi ni 1,200, na pamoja na dawa ya maji ni 1,400.

Wakikubaliana kutenga sehemu moja kwa kumi ya faida kwa ajili ya wasiojiweza, kila mmoja atatoa shilingi 140. Kikundi kitakusanya 1,680 kwa mwezi na 20,160 kwa mwaka. Ikiwa sare na vitabu vya mtoto mmoja vinagharimu shilingi 4,000, hao ni watoto watano wanaorudi shuleni Januari bila ya nyanya yao kuuza kuku wa mwisho. Si fedha za kujengea hospitali. Ila zinatoka ndani ya kijiji chenyewe, na mwakani zinaweza kutoka tena.

Hesabu hiyo ina pengo moja: haijalipa saa za mama. Wapangaji wengi wa miradi ya aina hii huandika gharama ya chumvi na ya chupa, lakini jioni mbili za kukoroga na siku tatu za kuzunguka kijijini wanazihesabu kuwa bure. Zingelipwa hata kwa ujira wa kibarua wa shambani, biashara nyingi za nyumbani zingeonekana zikijiendesha kwa hasara. Kikundi kinachotaka kutoa kwa muda mrefu hakina budi kwanza kumhesabia mwanachama jasho lake, ndipo kitenge cha hisani.

Sanduku mbili, si moja

Biashara nyingi za namna hii huanza kuanguka fedha za mtaji, za matumizi ya nyumbani na za hisani zinapokaa katika leso moja. Mtoto akiugua usiku, mtaji unakwenda kwa dawa. Kukiwa na matanga, na katika jamii ya Waluo matanga ni shughuli kubwa yenye gharama, fedha za sabuni hununua sukari na mchele. Hakuna anayeweza kumlaumu mama huyo. Hata hivyo, wiki inayofuata hana bidhaa ya kuuza, wala hana cha kumtolea yatima.

Mikopo ya majirani ni jeraha jingine. Muuzaji wa nyumbani hawezi kumfukuza shemeji yake aliyekuja kuchukua lita mbili kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Vikundi vingine vimeweka kanuni kwamba bidhaa za kikundi haziuzwi kwa mkopo, na hivyo mama anapokataa husema si yeye aliyekataa, ni kikundi.

Utaratibu wa kuweka na kukopeshana si mgeni. Wenyeji wana mchango wao wa zamu, nyoluoro, ambapo fungu humzunguka kila mwanachama. Vyama vya kuweka na kukopa vya vijijini, ambavyo CARE ilivianzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambavyo vimesambaa Afrika Mashariki yote, huongeza mambo mawili: mikopo yenye riba inayorudi kwa wanachama wenyewe, na mfuko wa jamii unaowekwa kando kwa maafa. Mfuko huo wa pili ndio unaofaa kubeba hisani, kwa sababu hauchanganywi na akiba ya mtu.

Na uwezo wa mwanamke je? Hilo nalo halitokani na fedha peke yake. Katika fuo za ziwa, wanawake ndio wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakausha au kuwakaanga na kuwauza, na samaki walipopungua ikakomaa desturi ya jaboya, ambapo mvuvi humdai mchuuzi mwili wake kabla ya kumuuzia. Wanawake hao walikuwa na biashara na walikuwa na pesa. Walichokosa ni mamlaka juu ya mali wanayoitegemea, yaani mashua na nyavu. Kuanzia mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru katika Kaunti ya Kisumu walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua. Mizani ikageuka, hadi mafuriko ya mwaka 2020 yalipokifunika kijiji chao na kuwatawanya.

Wenye kukoroga sabuni hawahitaji mashua, na hiyo ni faida mojawapo ya biashara ya nyumbani: mtaji wake ni mdogo kiasi cha kwamba mwanamke anaweza kuumiliki peke yake. Benki hutaka hati ya shamba, na hati nyingi vijijini zina jina la mume, la mkwe au la marehemu. Katiba ya 2010 inampa mke haki sawa katika ndoa na kufuta ubaguzi wa kijinsia katika sheria na desturi za ardhi, lakini haki iliyo katika kitabu huchelewa kufika bomani. Wakati inasubiriwa, kapu la bidhaa na daftari la kikundi ndivyo vitu ambavyo shemeji hawezi kuvirithi.

Ni vyema pia kutaja kuwa nyumba inaweza kuwa kizuizi. Anayefanyia biashara chini ya paa la mumewe huenda akaulizwa kila jioni amepata kiasi gani, na faida ikageuka kuwa fedha za nyumba ambazo mume sasa anajiona ameondolewa jukumu la kuzileta. Baadhi ya wanawake huhifadhi akiba yao katika simu, jambo lililowezekana M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na wengine hupenda iwe kikundini, mahali isipoweza kuombwa usiku wa manane.

Upande wa sheria

Kikundi kinachotaka kutambuliwa husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na cheti hicho ndicho ufunguo wa fedha za serikali. Hazina ya Wanawake, iliyoundwa mwaka 2007, hukopesha vikundi bila riba ila kwa ada ya usimamizi, na haiitishi hati ya shamba. Wanachama hudhaminiana. Ubaya wa kudhaminiana ni kuwa mmoja akitoweka, wengine humlipia, na mkopo uliokusudiwa kuunganisha majirani huwaacha hawasalimiani.

Kazi ya hisani ikikua hadi kuwa shirika kamili, sheria inayohusika ni ile ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Mei 2024. Inaruhusu shirika kufanya biashara halali mradi mapato yote yatumike kwa malengo yake ya umma, yasigawanywe kwa wenyewe. Kwa vikundi vidogo hatua hiyo ni ya mbali, na pengine si ya lazima. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni moja hatozwi kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia tatu, ingawa daftari la mauzo humfaa atakapoulizwa.

Wanaouza vyakula wana kikwazo cha ziada. Siagi ya njugu, kwa mfano, ni bidhaa inayowavutia akina mama kwa sababu njugu hulimwa Nyanza na mashine ya kusagia si ghali. Lakini mwezi Januari 2020, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina kadhaa za siagi hiyo kwa kuzidisha sumu ya aflatoksini, na baadhi zilikuwa za kampuni kubwa. Njugu zilizonyeshewa baada ya kuvunwa haziokolewi na usafi wa jikoni. Kikundi kisichoweza kuzikausha na kuzichagua vizuri ni heri kibaki na sabuni.

Kuhusu nani asaidiwe, mwelekeo wa serikali umebadilika, na vikundi vya nyumbani vimejikuta upande unaofaa. Mwaka 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia. Mpango wa serikali wa kuwapa walezi wa mayatima fedha, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, nao huchelewa mara kwa mara. Basi pengo la kuzibwa si ujenzi wa bweni. Ni miezi ile ambayo fedha za serikali hazijafika na mtoto anahitaji kalamu, unga na, kwa mujibu wa ule utafiti wa 2009, chupa ya dawa ya maji ambayo nyanya yake hawezi kuinunua. Kikundi kinachouza dawa hiyo kinajua tayari ni maboma yapi hayanunui, kwani wauzaji wake huyapita kila wiki.

Vikundi vingi huvunja sanduku mwezi Desemba na kugawana akiba, na katika furaha ya mgao ni rahisi mfuko wa mayatima nao ukagawanywa, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Wenye uzoefu huuhesabu na kuuandika kwanza, mbele ya wanachama wote, kabla ya akiba kuguswa. Sanduku lenyewe kwa kawaida huwa na kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu wasiotoka katika boma moja.